Mpaka Mwenzako Aguse Kiti

Mama Fidélie Mbuyu hakuwa mtu wa kupendwa haraka. Mi mwenyewe mwaka wa kwanza nilimchukia, nasema ukweli. Nilifika kwenye chumba cha simu cha kampuni ya migodi, hapa Kolwezi, nikiwa na miaka ishirini na mdomo mrefu kuliko kazi yangu, na yeye akanitupia sheria tatu kabla hata hajaniuliza jina. Ya kwanza: huachi meza mpaka mwenzako afike na aguse kiti. Si kupiga kelele "niko hapa!" kutoka koridoni. Aguse kiti kwa mkono. Ya pili: ukipewa ujumbe unajibu "nimepokea," hata kama ujumbe wenyewe umekuchoma. Ya tatu: neno la zamu halipiti kwenye kinywa cha mtu wa tatu.

"Unasikia, Joyeuse?"

"Ninasikia, mama."

"Wapi! Haujasikia. Utasikia siku mutu atakufa."

Nilimwona mwanamke wa maringo tu. Lakini neno la zamu halikuwa mchezo. Umeme wa migodi ulitoka kwenye bwawa la Nzilo, na amri za kuzima na kuwasha laini zilipita mezani kwetu. Fundi akiwa juu ya nguzo, mtu wa kusema "rudisheni umeme" lazima awe na neno la siku ile. Lilikuwa jina la mji wa mbali, usiotajwa kazini kwetu: Kabalo, Kongolo, miji ya namna hiyo. Mtu mmoja akitoka kwenye zamu, awe amefukuzwa au ameugua, neno linabadilishwa papo hapo na wanaobaki wanaambiwa mmoja mmoja, kinywa kwa sikio. Na mtu akikuletea neno la zamani unakata laini, husemi naye tena, kwa sababu huyo ni mtu asiyetakiwa.

Mumewe alikuwa mmoja wa mafundi hao wa nguzoni. Kabeya, mtu mpole, mrefu, mwenye kikohozi cha sigara. Mama Fidélie alimwuliza neno kwenye simu mwaka mzima kabla ya kuiona sura yake. Tulipomtania kwamba alipenda sauti tu, alijibu kwa uso mkavu: "Mi nilipenda mutu mwenye hakusahau neno ata siku moja." Basi, hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yao, na yalidumu miaka kumi na mmoja bila mtoto, na sikumsikia Kabeya akilalamika hata mara moja.

Halafu ikaja ile miaka. Mishahara ilikuwa imeanza kuruka mwezi, karakana zinafungwa moja baada ya nyingine, na watu wenye njaa wakapewa wa kumchukia. Wakasema kazi zetu zimeliwa na watu wa Kasaï, jimbo la jirani, wakawaita bilulu, wadudu. Kabeya alizaliwa Kolwezi, hospitali ileile niliyozaliwa mi. Lakini baba yake alitoka Kasaï, na hiyo ilitosha. Mama Fidélie yeye alikuwa mtu wa Manono, Mkatanga kamili, hakuna aliyemgusa. Mumewe ndiye aliyekuwa anatakiwa aondoke.

Mwanzoni mwa 1993 shule zilijaa familia zilizofukuzwa, na kwenye gare watu walilala juu ya mabegi yao wakingoja treni isiyokuja. Kabeya hakuweza hata kwenda gare. Alikuwa mkuu wa timu, kuna mtu alikitaka kiti chake, na jina lake lilisomwa kwenye mkutano wa vijana. Njia ya gare ilijaa watu waliomjua sura.

Mama Fidélie alimficha kwenye kabini ya umeme, nyuma ya kambi ya wafanyakazi. Ni kile kijumba cha matofali chenye mlango wa chuma na kichwa cha mfu kimechorwa kwa rangi nyekundu. Watoto walikikimbia, wakubwa walipita mbali. Ndani transfoma inavuma mchana kutwa, huwezi kusikia vizuri sauti ya mtu aliye nje. Ufunguo alikuwa nao Kabeya mwenyewe. Alijifungia kwa ndani, na alifungua kwa neno tu.

Tulikwenda kwake saa nane mchana, king'ora cha kubadilisha zamu kinapolia na njia zinajaa watu wenye sahani na chupa za chai. Nani angemwangalia mwanamke mmoja mwenye sahani? Usiku kulikuwa na vizuizi kila kona. Hiyo ilikuwa akili ya mama Fidélie.

Na aligawa siri ile kama alivyogawa kazi. Siku ya kwanza, jikoni kwake, alinihesabia kwa vidole: "Ndugu yangu Stany analala hapa, na mulango ya nyumba tunaifungua na neno ileile, kwa hiyo anajua neno. Hajue kabini. Latifa anajua kabini, juu anatusaidia kupika. Hajue neno. Bwana yake Omari anajua yote mbili, juu yeye njo atamubeba Kabeya. Weye na mi, tunajua yote."

Latifa na Omari walikuwa majirani zetu, Waislamu, wazazi wao walitoka upande wa Kasongo. Omari alikuwa na lori. Mpango ulikuwa huu: arudi kutoka Lubumbashi, amfiche Kabeya chini ya magunia ya chumvi, apige njia ya Musumba, ile mbovu isiyo na watu, mpaka amvushe kuingia Kasaï. Mama Fidélie angemfuata baada ya mwezi. Alikwisha funga vikwembe vyake vinne, vitenge vya kuvaa, kwenye furushi, chini ya kitanda. Nililiona.

Neno wakati huo lilikuwa Kiambi.

Sasa, huyo Stany. Kijana wa miaka ishirini na mitano, hana kazi, anakula sahani ya shemeji yake na kulalamika chumvi. Alhamisi moja aliingia nyumbani amefunga kitambaa cha vijana wale mkononi.  Akachukua shati zake mbili akaondoka. Dada yake alimwangalia mpaka akapinda kona. Lakini kabla jua halijazama Kiambi ilikuwa imekufa. Neno jipya lilikuwa Moba. Alikwenda mwenyewe mlangoni kwa Kabeya, akamweleza kwamba Stany ametoka, akampa Moba. Akanipa na mi, sikioni, pumzi yake inanuka kitunguu.

"Na Omari?" nikauliza. "Eko mu njia. Eko na ile ya zamani."

"Atafika siku ya posho. Mi siwezi kwenda kwa Latifa, benzake na Stany wananifuata ata ku robinet ya maji. Weye utoke kazi saa sita, ukae pale mpaka Omari afike. Umuambie weye mwenyewe. Si Latifa. Weye."

"Nimepokea, mama."

Jumamosi, ndiyo siku ya posho kwetu, nilikwenda kazini alfajiri. Chumba cha simu kilikuwa kimebaki na wanawake watatu kati ya sita. Wengine walikuwa gare na watoto wao. Ikafika saa sita. Mwenzangu wa kunipokea hakuonekana. Sita na nusu. Saa saba. Nilikuwa naunga simu huku shingo imegeukia mlangoni. Mafundi wawili walikuwa juu ya laini upande wa Kingamyambo, nikiacha meza na wao wakihitaji kitu, nani atawasikia?  Nilimlaani mwenzangu, ukoo wake wote na mbuzi wao.

Saa saba na nusu akaingia Latifa. Alikuwa amekimbia, kitambaa cha kichwa kimeangukia begani.

"Joyeuse, Omari amefika. Ule mulinzi wa barrière ya njia mwenye anamujua anatoka kazi saa tisa. Kisha pale hapite tena. Omari anatoka sasa na king'ora. Neno iko mupya, si vile? Mama Fidélie alinisemea tu, ku robinet, weye utafika nayo. Unipatie, mi nitamupelekea."

Nilimwangalia. Latifa huyu nilikula kwake tangu nilipokuwa mtoto. Mdomo wangu ulikwisha funguka, na neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi. Nikasikia sauti ya mama Fidélie kichwani: si Latifa, weye.

"Siwezi."

"Joyeuse!"

"Haipite ku kinywa ya tatu, mama Latifa. Umuambie Omari anichunge, angoje kidogo. Mwenzangu anafika, nakuya mbio."

"Hawezi kuchunga! Haunisikie?"

"Umuambie anichunge."

Aliondoka akiwa anatikisa kichwa. Na niwaambie aibu yangu: nilijisikia vizuri. Ndiyo. Nilijiona mfanyakazi wa kweli, mama Fidélie mdogo. Nikanyoosha mgongo wangu kwenye kile kiti, mjinga mi.

Mwenzangu alikigusa kiti saa tisa kasoro robo. Walikuwa wamemzuia kwenye kizuizi. Nilikimbia bila viatu, viatu mkononi. Nje kwa Latifa palikuwa na alama za matairi tu. Latifa alikaa kizingitini.

"Alienda," akasema. "Aligonga. Akasema ile neno yake ya zamani, hana ingine, mara mbili. Hakuna mutu alifungua. Batu wakaanza kumuangalia, akaogopa, akapanda lori."

Nikaenda kabini mchana kweupe, sikujali tena. Nikaweka mdomo kwenye chuma na kusema Moba, Moba, tata Kabeya, Moba. Nikasukuma. Mlango ulikuwa wazi.

Ndani transfoma inavuma. Sahani imeoshwa na kufunikwa. Na juu ya sahani kulikuwa na kibati chake. Niwaeleze: fundi wa umeme akishika kazi anatundika kibati chenye namba yake kwenye swichi, na hakuna mtu mwingine duniani anayeruhusiwa kukiondoa. Yeye mwenyewe anakitoa, akimaliza, na maana yake ni kwamba hayuko tena pale. Kabeya alikuwa amekitundika kwenye msumari ndani ya mlango tangu siku ya kwanza, ili mke wake akileta chakula akione. Sasa alikuwa amekitoa. Alifanya sawasawa na alivyofundishwa: amesikia neno la zamani, amekata laini.

Nilimpelekea mama Fidélie kile kibati. Alipapasa namba yake kwa kidole. Kisha akasema jina moja: "Stany."

Nami nikanyamaza.

Latifa alinisihi ninyamaze, hiyo ni kweli. Ikijulikana lori la Omari lilikuja kumbeba mtu wa Kasaï, wangelichoma na yeye ndani. Nilimwahidi. Lakini sitajificha nyuma ya Latifa. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa macho ya mama Fidélie. Mwaka mzima alimpita Stany barabarani kama anapita jiwe. Stany akalia mbele ya watu, akaapa hata hakujua kabini iko wapi, na mi nilikuwa nimesimama pale, nina kikapu cha sombe, majani ya muhogo, naangalia chini. Stany hakuwa malaika. Lakini hilo halikuwa lake.

Furushi la vikwembe lilibaki chini ya kitanda. Kila nilipomtembelea nilihisi linaniangalia.

Kampuni ikafunga chumba cha simu. Mi nikapata kazi kwenye phonie karibu na soko, ile redio ya kusemea na ndugu walio mbali. Unakaa na mikrofoni, watu wamejaa kwenye benchi nyuma yako, na kila anachosema mtu, benchi zima linasikia, na miji mingine pia inasikia. Siri haina nyumba pale.

Mwezi wa sita, 1994, siku ya Ijumaa, ikaingia sauti kutoka Mwene-Ditu, kule Kasaï. Ikakohoa kwanza. Nilikijua kikohozi kile.

"Andika," ikasema. Hakunitambua. "Ya Fidélie Mbuyu, kambi ya bafanya kazi. Niko muzima. Nilisikia Kiambi ku mulango, sauti ya mwanaume, siku mbili kisha Stany kutoka. Stany alijua neno, hakujua mulango. Mulango, weye njo ulimuonyesha. Ndugu ni ndugu. Usinitafute. Kama uko na jibu, niko hapa siku ya kazi moja, Jumatatu, saa ine ya asubui."

"Nimepokea," nikasema, na sauti haikuwa yangu.

Hesabu yake ilikuwa sawa kabisa, hapo ndipo nilipotaka ardhi inimeze. Mtu mwenye neno la Stany, kwenye mlango ambao Stany haujui. Nani mwingine angeunganisha viwili hivyo kama si mke? Miezi kumi na tano alikaa akiamini hivyo, na dawa yake ilikuwa mdomoni mwangu.

Nilimkuta mama Fidélie uani anatwanga sombe. Nilimsomea karatasi. Mchi ukasimama. Nikamwambia mengine yote bila kuvuta pumzi, saa sita, mwenzangu, Latifa, kila kitu. Nilingoja anipige. Ningependa anipige.

"Latifa alikuya saa ngapi?"

"Saa saba na nusu, mama."

"Alikuomba neno."

"Aliniomba. Nilimukatalia."

Alikaa juu ya kinu kingine kilichokuwa kimelala pale. Mikono yake ilikuwa ya kijani.

"Mi njo nilikufundisha," akasema.

Akarudia tena, polepole, wala si kwangu. Mi nililia kama mtoto, yeye hakulia. Baadaye akainama chini ya kitanda, akalivuta lile furushi, akapangusa vumbi.

Jumatatu tulifika mapema. Alivaa kikwembe kimoja kutoka furushini, kina alama za kukunjwa. Benchi lilikuwa limejaa, na mwisho wake walikaa vijana wawili wa kitambaa kilekile, wanangoja zamu yao. Omari alikuwa bado anaendesha lori lake mjini humu. Nikaona mama Fidélie amewaona.

Saa nne kikohozi kikaingia. Nikampa mikrofoni.

"Kabeya, ni mi. Ule mutu wa mulango alikuwa wetu. Hakupata neno mupya."

"Ni nani?"

Vijana wale walikuwa wamesogea mbele, wanasikiliza. Mama Fidélie alifumba macho. Jina moja tu lingemrudishia mume wake, na jina hilo lingemuua Omari.

"Siwezi kusema jina hapa," akasema.

"Basi," sauti ikasema. "Basi, Fidélie. Nilijua."

Nikamnyang'anya mikrofoni. Sikufikiri. "Tata Kabeya, ni Joyeuse wa ku simu! Kosa ni yangu. Mi njo nilipashwa kumupatia Moba, sikumupatia!"

"Juu ya nini haukumupatia?"

"Mwenzangu alikuwa hajagusa kiti!"

Benchi zima lilinitazama kama mwehu. Hakuna aliyeelewa. Redio ikakwaruza, ikakwaruza, nikafikiri tumempoteza. Kabeya alikuwa mtu wa kampuni ileile. Alijua hakuna mwongo anayeweza kubuni sababu ya kijinga namna hiyo.

"Kiti," akasema mwishowe. Kisha tukamsikia analia, mtu mzima, mbele ya miji yote inayosikiliza. "Ee Mungu. Kiti."

Mama Fidélie alichukua mikrofoni tena.  "Kabeya. Bitu yangu iko mu furushi. Nikuye?"

 Redio inavuma.

"Fidélie," akasema. "Mi nilijua uliniuza. Niko na muke huku. Mutoto yetu eko na miezi miwili. Mwanaume."

 Hata wale vijana wawili waliangalia chini. Mama Fidélie alishika mikrofoni kwa mikono miwili, karibu sana na mdomo.

"Nimepokea," akasema.

Akaiweka mezani taratibu, akasawazisha kikwembe chake na kutoka.

Nilibaki nimekaa. Mwenzangu Gradi angenipokea saa sita, na ilikuwa bado saa nne na dakika kumi. Redio ikaanza kuita tena, Kolwezi, Kolwezi, jibu, na mtu mmoja nyuma yangu akasema mama, zamu yangu. Nilikiangalia kile kiti. Halafu nikainuka, nikatoka mbio.

Nilimfikia karibu na wauza mkaa. Aligeuka.

"Nani eko ku meza?"

"Hakuna mutu, mama."

Alinitazama mpaka nikaogopa. Kisha akanishika mkono, kwa nguvu, akauliza kama najua siku hizi Stany, ndugu yake aliyempita kama jiwe, analala wapi. Nilijua. Tukaenda.